Vinundu chini ya kanga

Historia ya insulini husimuliwa kama muujiza. Toronto, Kanada, Januari 1922: Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14 aliyebaki mifupa kwa kisukari, anachomwa dawa iliyotolewa kwenye kongosho la ng'ombe, anapona kifo. Wengi wanaruka siku 12 za katikati. Sindano ya Januari 11 ilishusha sukari kidogo tu, ikamwachia jipu pale ilipoingia, maana dawa ilikuwa bado chafu. James Collip akaisafisha, na Januari 23 ndipo ikafanya kazi. Yaani hadithi hii ilianza na uvimbe.

Nimelikumbuka hilo Vuga, kwa shangazi yangu. Vuga wengi tunaijua kama makao ya Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki 1862. Wakilindi walimpata Abdallah bin Hemedi wa kuwaandikia habari zao. Wagonjwa wa milimani hawajapata mwandishi wa namna hiyo.

Shangazi anajichoma miaka mingi, palepale kando ya kitovu. "Hapa pameshazoea, mwanangu, hapaumi." Akafunua kanga: vinundu viwili, kama viazi vidogo. Kimoja sasa kinauma akiinama shambani. Kwa hofu alikuwa anapunguza dozi kimyakimya. Wiki hii sukari juu, wiki ijayo anatetemeka na jasho.

Insulini huuambia mwili utunze mafuta. Ikiingia sehemu moja kila siku, mafuta hukua hapo, hasa sindano moja ikirudiwa mpaka ibutuke. Kinundu hupoteza hisia, ndiyo maana mtu anakirudia. Ila kinaachia dawa kinavyotaka, leo kidogo, kesho nyingi. Zamani ngozi za wengi zilibonyea mashimo. Dawa ilipozidi kusafishwa miaka ya 1970, na insulini ya aina ya binadamu ilipoingia sokoni 1982, mashimo yakapungua. Vinundu vikabaki.

Dawa yake ni kuhama: tumbo, mapaja, kila siku mahali papya, sindano mpya, kinundu kipumzike miezi. Lakini muulize daktari kwanza, maana kwenye ngozi nzima dozi ileile inaweza kushusha sukari mno. Na kikiwa chekundu, cha moto, au kikitoa usaha, ni hospitali siku hiyohiyo.

Tulikwenda kliniki. Dozi ikapangwa upya. Njiani shangazi akasema, "Miaka yote hii wananipima kidole. Hakuna aliyewahi kuniambia, mama, hebu tuone tumbo."

Siku hizi kalenda yake ya ukutani ina maandishi ya penseli kila tarehe: kulia, kushoto, paja.