Kanisa

Kanisa ni jumuiya ya wanaomwamini Yesu Kristo; kwa maana ya pili, ni jengo wanamosalia. Neno lilikuja kupitia Kiarabu. Katika Kigiriki cha Agano Jipya ni *ekklesia*, kusanyiko, wala si kuta. Mjini Eldoret, Kenya, ambako Wakatoliki wana jimbo tangu 1959, maana hizo mbili zilibanana katika ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007: maelfu ya waliofukuzwa makwao walipiga kambi kwenye uwanja wa Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu wa Yesu, chini ya Askofu Cornelius Korir. Kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji, liliteketezwa Januari 1, 2008, waliokimbilia humo wakiwa ndani. Lakini kusanyiko laweza pia kuwapo bila jengo lake: jumuiya ndogondogo za waumini husali majumbani, sebuleni mwa mwenyeji.