Kutoka Amakiro hadi Kiwewe: Historia ya Kuyataja Majeraha ya Uzazi Kampala

Mtaa wa Bugolobi, mashariki mwa Kampala, umekaa baina ya hospitali mbili za serikali: Naguru, iliyofunguliwa mwaka 2012, ambako akina mama hujifungua, na Butabika, hospitali ya rufaa ya magonjwa ya akili iliyoanzishwa mwaka 1955. Mzazi aliyenusurika katika uzazi wa hatari, kisha akabaki akiota damu usiku na kukwepa hata njia iendayo hospitalini, hali yake inagusa pande zote mbili. Makala hii inadai kwamba hali hiyo imechelewa kutambuliwa kwa kuwa imechelewa kupewa jina.

Waganda walikuwa na jina lililo karibu nayo: amakiro, yaani wazimu unaomshika mama baada ya kujifungua, hata akaweza kumdhuru mwanawe. Chanzo chake kilidhaniwa kuwa uzinzi wakati wa ujauzito. Kwa hiyo kuugua kulikuwa sawa na kushtakiwa, na aliyeshtakiwa hunyamaza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, daktari John Cox aliwachunguza wajawazito 263 nje kidogo ya Kampala, akachapisha matokeo mwaka 1979, pamoja na uchambuzi wa amakiro. Baadaye, akiwa Uskoti, yeye na wenzake walitunga Kipimo cha Edinburgh cha mwaka 1987, chenye maswali kumi. Hivyo kipimo kinachotumika leo duniani kote kilitanguliwa na kazi ya Buganda. Hata hivyo, kinapima sonona. Hakiulizi juu ya hofu ya tukio lenyewe.

Kiwewe kiliingia katika mwongozo wa wataalamu wa Marekani mwaka 1980, kwa sharti kwamba tukio liwe nje ya mambo ya kawaida ya binadamu. Uzazi, kwa kuwa ni wa kila siku, ukaachwa nje. Sharti hilo liliondolewa mwaka 1994, na aliyeshuhudia hatari ya kifo akahesabiwa pia. Hapo baba aliyesimama kando ya kitanda naye akapata nafasi.

Katiba ya Uganda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Istilahi “kiwewe cha uzazi” haimtuhumu mtu. Wakunga wakifunzwa kuitumia, wakawauliza wazazi wote wawili kile walichokiona, ukimya ulioachwa na amakiro utaanza kuvunjika.