Kinubi cha Daudi na Nyatiti: Ufasiri wa Zaburi kutoka Aleksandria hadi Kisumu

Makala haya yanachunguza jinsi wanafikra wa Kikristo wa karne za mwanzo walivyozifasiri nyimbo takatifu za Waebrania, na namna ufasiri huo unavyoweza kumulika fasihi simulizi ya Wajaluo wa Kisumu na mwambao wa Ziwa Viktoria. Tunadai kuwa mbinu iliyoziokoa zaburi kwa matumizi ya Kanisa ndiyo pia iliyoutenga wimbo na ala yake.

Ni vyema tukumbuke kwanza kwamba zaburi 150 tulizo nazo ni ushairi wa kuimbwa. Jina la Kigiriki ambalo mataifa ya Ulaya yaliliazima hutokana na kitendo cha kudonoa nyuzi. Kinor, ala inayohusishwa na Daudi, imo katika ukoo mmoja wa ala na nyatiti, yenye nyuzi nane, ambayo mpigaji huipiga huku akigonga mwili wake kwa pete ya chuma iliyovishwa kidoleni mwa mguu.

Klementi wa Aleksandria, aliyeandika mwishoni mwa karne ya pili na mwanzoni mwa ya tatu, alizikuta ala hizo katika zaburi ya 150 na akazigeuza mafumbo: ulimi ndio zeze la Bwana, na kinywa ndicho kinubi kinachopigwa na Roho. Nyuma ya fumbo hilo palikuwa na hofu ya karamu za kipagani, ambako muziki ulifuatana na ulevi. Origene naye aliikabili zaburi ya 137, ambayo mwisho wake ni kisasi kwa watoto wa Babeli. Kwake, watoto hao ni mawazo maovu yanayopaswa kupondwa yakiwa bado machanga. Kwa njia hiyo wimbo wa mateka ukawa sala ya mtu anayepambana na nafsi yake. Faida ya ufasiri huu ni dhahiri. Hata hivyo, uchungu wa watu halisi waliopoteza mji wao ulififia.

Augustino wa Hippo, aliyezieleza zaburi zote, alianzia kwenye swali tofauti: ni nani anayesema? Katika zaburi ya 22 alisikia sauti ya Kristo na pia sauti ya waumini walio mwili wake, zikipokezana ndani ya wimbo mmoja. Ingawa lengo lake lilikuwa la kiimani, swali lake ni la mhakiki wa ushairi. Ikumbukwe pia kwamba katika Maungamo anakiri kuvutwa pande mbili: alihofia utamu wa sauti usije ukayafunika maneno, lakini hakuthubutu kuukataa wimbo.

Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, wamisionari hawakukawia. Wamisheni wa Mill Hill na wale wa Church Missionary Society, waliofungua kituo cha Maseno mwaka 1906, walileta zaburi pamoja na mapokeo ya kuzifasiri. Biblia kamili ya Dholuo ilitoka mwaka 1953, na kitabu hicho kikaitwa Zaburi, neno lililopitia Kiarabu na Kiswahili. Nyatiti, iliyohusishwa na pombe na matanga, ilibaki nje ya mlango. Hofu ya Klementi ilikuwa imepata makao mapya, ila safari hii hapakuwa na hata fumbo la kuitukuza ala iliyokataliwa.

Kilichobaki nje hakikuwa ala tu. Mpigaji nyatiti matangani humsifu marehemu, huwasemea wafiwa, hulia kwa niaba yake mwenyewe, na huweza kukilaumu kifo ana kwa ana. Henry Owuor Anyumba alizitambua nyimbo hizi za maombolezo kuwa fasihi inayostahili uchunguzi. Ukizisoma kwa swali la Augustino, utaona nafsi zikipokezana bila tangazo, kama ilivyo katika zaburi za malalamiko, ambazo ni zaidi ya thuluthi moja ya kitabu kizima.

Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliruhusu ala za wenyeji katika ibada ya Kikatoliki. Hata hivyo, ala inayoruhusiwa kusifu tu, ikakatazwa kulalamika, imeachiwa nusu ya sauti yake. Atanasi wa Aleksandria alimwandikia Marselino kwamba zaburi ni kioo ambamo msomaji huiona nafsi yake, na maneno yake huwa ya kila anayeyatamka. Ikiwa ndivyo, mfiwa wa Nyanza hana sababu ya kuchagua baina ya Daudi na mpigaji nyatiti. Jukumu la mhakiki ni kuzirekodi nyimbo hizi pamoja na mapigo yake wakati waimbaji wangali hai, kwa sababu zaburi zenyewe zinatuonya: maneno yake tunayo, lakini lahani zake za awali hakuna ajuaye.