Kompyuta mbili, ruta moja: Jinsi ya kutumiana mafaili nyumbani bila kula bando

Kompyuta ya mezani ipo sebuleni, laptop ipo chumbani. Kuna filamu ya GB 4 inatakiwa itoke huku iende kule. Wengi huipandisha kwenye hifadhi ya mtandaoni, kisha wanaishusha upande wa pili. Kwa ruta inayotumia laini ya simu, hizo ni GB 4 za kupandisha na GB 4 nyingine za kushusha. Bando la GB 8 limekwisha, na faili limesogea mita sita tu.

Haikuwa lazima. Mtandao wa nyumbani na intaneti ni vitu viwili tofauti, ingawa siku hizi vyote vinapita kwenye kiboksi kimoja. Vifaa vilivyojiunga na ruta moja vinaweza kuongea vyenyewe kwa vyenyewe, na data hiyo haigusi laini kabisa. Anayebisha achomoe laini kwenye ruta kisha atume faili: litafika.

Kwa hiyo mwenye ruta ya Wi-Fi tayari ana mtandao wa nyumbani, ila hajaanza kuutumia. Kila kifaa kinapojiunga, ruta hukipa namba yake, yaani anwani ya IP, ambayo mara nyingi huanza na 192.168. Namba hizo zimetengwa kwa mitandao ya ndani tu, ndiyo maana kompyuta ya jirani inaweza kuwa na namba ile ile na pasitokee mgongano wowote.

Waya au Wi-Fi?

Kwa simu na laptop, Wi-Fi inatosha. Kwa kompyuta isiyohama, kebo ya mtandao ndiyo mpango mzima: haisumbuliwi na ukuta, na inaweza kufika hadi mita 100. Ruta nyingi za bei nafuu zina matundu ya kasi ya megabiti 100 kwa sekunde. Megabiti siyo megabaiti, gawanya kwa 8 kwanza, unapata MB 12.5 kwa sekunde. Ile filamu itachukua kama dakika sita hivi. Matundu yakijaa, swichi ndogo inaongeza mengine. Unachomeka tu, haina mipangilio.

Wi-Fi ya gigahezi 2.4 inafika mbali, lakini ndiyo inayogombaniwa na majirani wote, na hata oveni ya maikrowevu huivuruga. Ile ya gigahezi 5 ina kasi zaidi, ila ikikutana na kuta mbili za matofali inachoka. Ruta ikae juu, katikati ya nyumba, siyo nyuma ya TV.

Kushea folda

Hapa ndipo wengi hukwama. Kwenye Windows, mtandao wa nyumbani lazima uwekwe kuwa "Private", kwa sababu ukiwa "Public" kompyuta hujificha isionekane na wenzake. Kisha bofya kulia kwenye folda moja (moja, siyo diski nzima), ingia "Properties", halafu "Sharing". Kwenye kompyuta ya pili fungua "Network", utaiona ya kwanza.

Ikidai jina na nywila, inataka za akaunti ya kompyuta yenye folda. Ile PIN fupi ya kufungulia kompyuta haikubaliki, hata ukiiandika mara kumi. Na kama kompyuta haionekani kabisa, angalia isije ikawa moja imejiunga na Wi-Fi ya wageni. Wageni hutengwa na vifaa vingine makusudi, na ni jambo zuri kwa anayekuja kuchati tu.

Nywila mbili, siyo moja

Folda zikishafunguliwa, anayeingia kwenye Wi-Fi hali tena bando peke yake. Anaweza pia kugonga mlango wa picha na nyaraka za familia. Wengi wanabadilisha nywila ya Wi-Fi na kusahau kwamba kuna ya pili, ya kuingilia kwenye mipangilio ya ruta yenyewe. Kwenye ruta nyingi, hasa za zamani, hiyo ni "admin", na kila mtu anaijua.

Oktoba 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka maelfu ya kamera na ruta duniani kwa kujaribu orodha fupi ya nywila za kiwandani, kisha ikavitumia vifaa hivyo kushambulia kampuni ya Dyn. Twitter na Netflix zikawa hazipatikani kwa watumiaji wengi kwa saa kadhaa. Wenye vifaa hivyo wala hawakujua.

Kubadilisha, andika kwenye kivinjari anwani ya ruta iliyo kwenye stika chini yake, kwa kawaida 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Ukurasa huo nao hauli bando. Ukiwa humo, chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3 (WEP ni ya kuachana nayo, ilishavunjwa tangu 2001), zima WPS, na angalia orodha ya vifaa vilivyojiunga. Ukikuta simu usiyoitambua, badilisha nywila ya Wi-Fi siku hiyo hiyo. Vifaa vyote vitatoka na kila kimoja kitahitaji kuunganishwa upya, ikiwemo printa, ambayo kwa kawaida hukumbukwa siku ya kuchapa kitu cha haraka.