Kazi za wahitimu wa masoko Mbeya na Iringa

Wahitimu wa shahada ya biashara waliobobea katika masoko hufanya kazi za aina mbalimbali katika mikoa ya Mbeya na Iringa, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE), kilichoanzishwa mwaka 1965, kina kampasi jijini Mbeya.

Wengi huanza kama maafisa mauzo, hata waliotarajia kukaa ofisini. Katika viwanda vya vinywaji vya Mbeya au cha maziwa cha Asas mjini Iringa, afisa mauzo huzungukia maduka, hupokea oda na kufuatilia madeni. Benki na kampuni za simu huajiri pia.

Uwanja mpana zaidi ni mazao: chai ya Mufindi, parachichi za Rungwe, mchele wa Mbarali na Kyela. Mchele wa Kyela una sifa kiasi kwamba hata wa kwingine huuzwa kwa jina hilo. Kumsaidia mnunuzi kuutambua ule halisi, kwa nembo na vifungashio, ni kazi ya mtu wa masoko. Lakini wasindikaji wadogo mara nyingi hawamudu kumlipa mshahara wa kudumu, hivyo baadhi ya wahitimu hununua mazao, huyafungasha na kuyauza wenyewe Dar es Salaam, au Zambia kupitia Tunduma.