Kutoka Ulinganifu hadi Aksiomu: Mwanzo wa Nadharia ya Seti

Wazo la msingi la nadharia ya seti ni kongwe kuliko jina lake. Mchungaji wa milima ya Masisi aweza kutenga kijiwe kimoja kwa kila ng'ombe atokaye zizini asubuhi. Jioni, kijiwe kisichopata ng'ombe kitamwarifu kwamba mmoja amepotea. Hakuna namba iliyotajwa. Ulinganifu wa kimoja kwa kimoja umetosha. Katika mkoa huohuo wa Kivu ya Kaskazini, huko Ishango, mahali mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua mwaka 1950 mfupa wenye safu tatu za mikato, unaokadiriwa kuwa na umri wa miaka 20,000 hivi. Wataalamu hawajaafikiana kuhusu maana ya mikato hiyo: wengine huiona kuwa hesabu, wengine kalenda ya mwezi.

Ulinganifu huo ndio Georg Cantor, nchini Ujerumani, alioufanya kipimo cha ukubwa wa seti. Kwa kipimo hicho, namba shufwa ni nyingi sawa na namba zote za kuhesabia, kwa kuwa kila namba hulingana na maradufu yake. Mwaka 1874 Cantor alithibitisha kwamba namba halisi haziwezi kulinganishwa hivyo na namba za kuhesabia. Kwa hiyo, seti zisizo na kikomo nazo hutofautiana kwa ukubwa.

Hata hivyo, swali moja lilibaki: je, kila sharti linaloweza kutajwa huunda seti? Gottlob Frege alijenga misingi ya hesabu juu ya jibu la ndiyo. Mwezi Juni 1902, Bertrand Russell alimwandikia barua akimtaka afikirie seti ya seti zote zisizojibeba zenyewe kama elementi. Ikiwa inajibeba, haijibebi. Ikiwa haijibebi, inajibeba. Juzuu ya pili ya kitabu cha Frege ilikuwa mtamboni. Ilipotoka mwaka 1903, ilikuwa na nyongeza inayokiri pigo hilo.

Ernst Zermelo alitoa dawa mwaka 1908 kwa kuweka aksiomu saba, yaani kauli za msingi zinazokubaliwa bila kuthibitishwa. Mojawapo yaeleza kwamba sharti laweza tu kutenga sehemu ya seti ambayo tayari ipo. Katika ng'ombe wa zizi fulani, wenye ndama waweza kutengwa. Bali "vitu vyote" vya ulimwengu si zizi. Mwaka 1922 Abraham Fraenkel na Thoralf Skolem, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha upungufu wa mfumo huo na kuukamilisha kwa aksiomu ya ubadilishaji.

Historia hii yahusu pia istilahi. Huko Masisi na Walikale, Kiswahili huwaunganisha wasemaji wa Kihunde, Kinyanga na lugha nyingine, lakini hisabati ya sekondari hufundishwa kwa Kifaransa, na mwanafunzi hukutana na neno *ensemble*. Mwenzake wa Tanzania husema "seti". Maneno hayo mawili ya kukopa hayaelezi chochote kuhusu kosa la Frege. Neno "mkusanyiko" lina faida moja: hakikusanywi kisichokuwapo. Mwalimu akianza na neno hilo, kisha akafika kwenye "seti", mwanafunzi atafahamu kwa nini Zermelo alihitaji aksiomu, wala hatazikariri tu kama amri.