Waliotupa Kipanya na Nywila: Majina Yao Huyasikii, Ila Kazi Yao Ipo Mkononi

Nenda steshenari yoyote pale Maili Moja Kibaha, au karibu na stendi ya Kisarawe, uliza kama wana tarakilishi. Utaangaliwa kama umeshuka toka sayari nyingine. Sema kompyuta, mambo yameisha.

Sasa hili tarakilishi lilitoka wapi?

Turudi nyuma. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na katazo likaja kulegezwa baadaye. Wazee wengi walikua bila kuiona, seuze kuipa jina. Mashine zilipomiminika, zikaja zinaongea Kiingereza tupu.

Ndipo wakaingia mashujaa wasiotajwa, wataalamu wa Kiswahili. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikishirikiana na Waswidi kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu kwa Kiswahili. Fikiria hiyo kazi: kila kitufe, kila ujumbe kwenye kioo, unataka jina.

Katika maneno ya wataalamu, mengine yalishika fasta. Faili, tovuti, barua pepe, nani hajui? Kipanya kinajieleza: kadogo, kana mkia, kanakimbia mezani. Kipakatalishi ni kompyuta unayoipakata mapajani kama mtoto. Neno tamu, ila mtaani ni laptop tu.

Nywila ndiyo iligoma kabisa. Mwaka 2008 M-Pesa ilipoingia Tanzania, watu wakazoea "namba ya siri". Hilo likashinda kwa sababu lenyewe ni onyo: ni siri, usimwambie mtu. Nywila haikuonyi chochote.

Na hapa si utani, ni hela za watu. Tapeli akipiga simu anaweza asiombe namba ya siri, akijua utashtuka. Anaomba "code" iliyoingia kwenye meseji. Mwambie bibi kule Kisarawe vijijini "usitoe kodi", atawaza TRA! Mwambie "hiyo nayo ni namba ya siri, ya kutumia mara moja", ameelewa, na hela yake imepona.

Wale wataalamu walilijua hilo mapema: kitu usichokielewa jina, ni rahisi kuibiwa nacho.

Wewe bibi yako umemwambia inaitwaje?